Mgongo wa Baba Mkwe

Aliyeniletea hayo maneno ni Beatha, jirani yangu hapa mtaani kwetu Soweto. Alikuwa anamenya ndizi mlangoni kwake, akaniuliza mzee wangu amelazwa wodi gani. Nikamwambia ile ya wazee wanaume, ghorofani. Akaacha kumenya.

"Mama Joyness, uwe macho. Ile wodi siku hizi inapimwa."

"Inapimwa nini?"

"Wodi yenyewe. Kuna msichana anapita na tableti, anauliza maswali vitanda vyote. Mzee akionekana ana kidonda cha kulala, kesho yake anaandikiwa ruhusa. Wanamrudisha akafie kwenu, ili wodi yao ionekane safi kwa wakubwa. Kuna mama mmoja wa Majengo, baba yake walimtoa Jumanne, Ijumaa wakamzika."

"Nani amekuambia?"

"Mji mzima unajua. Wewe tu, umeshuka na ndizi kutoka Machame ukayaacha masikio huko."

Akacheka, akaendelea kumenya. Mimi sikucheka. Mimi mtoto akikohoa mara mbili nimeshachemsha maji ya mvuke, akichelewa shule robo saa nimeshasimama barabarani. Neno likiniingia halitoki. Nilitembea nalo hadi hospitali na chupa yangu ya uji, nikapanda nalo ngazi, nikaingia nalo wodini.

Baba mkwe wangu, Mzee Isack, alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alianguka kihambani kwake Machame, kwenye shamba lile la nyumbani la migomba na kahawa, akimkatia ng'ombe majani asubuhi mvua imetoka kunyesha. Nyonga ikavunjika. Madaktari walisema moyo wake hauwezi kuhimili upasuaji, kwa hiyo watamfunga uzito mguuni, alale wiki sita mfupa ujishike wenyewe. Wiki sita chali. Akivumilia, atatembea na fimbo. Akitolewa mapema, hatasimama tena.

Yeye alichotaka ni kimoja tu, kurudi kihambani akiwa hai, na kwa miguu yake. Kila asubuhi nikishamwamkia, "Shikamoo baba," anaitikia, "Marahaba mama," halafu anauliza, "Zimebaki ngapi?" Namwambia siku zilizobaki. Anatikisa kichwa kama mtu aliyepewa salamu nzuri.

Mume wangu Fabian ndiye kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na wazee. Lakini ulikuwa msimu wa kuvuna miwa na yeye anaendesha trekta huko mashambani, hapewi ruhusa ila Jumapili. Kaka zake wako mbali. Mama mkwe alishatangulia. Kwa hiyo aliyebaki kwenda na uji asubuhi, mtori wa ndizi mchana na chai jioni, ni mimi mkamwana.

Sasa nieleze jambo hili vizuri, maana wengine mnaosoma si wa huku kwetu. Mkamwana hamfunui baba mkwe. Haketi kwenye kitanda chake, hapiti karibu yake akiwa hana shati. Chakula unampa kwa mikono miwili, unarudi nyuma. Miaka kumi na tisa tangu niolewe sijawahi kuona hata goti la Mzee Isack. Hakuna aliyeniwekea sheria kwenye karatasi. Nilifundishwa na mama yangu kabla sijavikwa pete, na yeye alifundishwa na wa kwake.

Siku ya tatu nesi aliyeitwa Sista Gladness alitukusanya sisi wauguzaji, tuliokuwa na wagonjwa waliofungwa uzito. Wao walikuwa manesi wawili kwa wagonjwa thelathini na sita. Akatuambia bila kuzunguka:

"Sisi peke yetu hatuwawezi wote. Kila mkija, mzee ajivute juu kwa kile chuma kinachoning'inia juu ya kitanda, wewe umwinue kiuno, umfute, umkaushe, umwangalie makalioni na visiginoni. Ukiona pekundu, niite. Usingoje pawe peusi. Tumeelewana?"

"Ndiyo sista," tukasema wote. Na mimi nilisema.

Kitanda cha jirani alilala Mzee Primus wa Sanya Juu, naye kavunjika vilevile. Alikuwa anauguzwa na mwanawe Rodney, mwanamume mkubwa mwenye mikono kama majembe, anauza mbuzi mnadani. Rodney alivuta pazia, akamgeuza baba yake huku anapiga kelele wodi nzima isikie.

"Jivute mzee! Ulinichapa matako haya haya yangu, leo ni zamu yangu kuyaona ya kwako!"

"Mshenzi wewe," baba yake akamjibu. "Fanya haraka, kuna baridi."

Wagonjwa wakacheka. Mzee Isack hakucheka. Alivuta shuka hadi kidevuni, akanitazama, kisha akatazama dirishani.

"Mama," akaniambia taratibu, "wewe usinifunue."

"Hapana baba. Siwezi."

"Nesi akiuliza, mimi nitasema umeshanisafisha. Asije akakugombeza."

Nikaona amenistiri. Na mimi nikamstiri. Nilimpa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikageuka ukutani, akajifuta alipofika mkono wake. Mkono wa mzee aliyefungwa mguu haufiki mbali. Nililijua hilo. Rodney aliniona nimegeukia ukuta, akasema, "Mama Joyness, nikusaidie? Mimi mzee wa kwenu namwinua kwa mkono mmoja." Kabla sijajibu, Mzee Isack alisema, "Asante kijana, nimeshafanyiwa." Mimi nikakamua kitambaa. Niliona haya mtu wa mnadani ajue kwetu nani kamfunua nani.

Wiki ya pili yule msichana wa maswali akaja. Anaitwa Violet. Koti jeupe, viatu vya raba, sauti ya chini. Alinivutia kiti mwenyewe.

"Shikamoo mama. Tunapima huduma wanayopata wazee hapa. Wewe sema ukweli tu, sitaandika jina lako. Ila nikikuta shida, namwambia daktari siku hiyo hiyo."

Mwenzangu unayesoma, unaona hapo? Neno lile lile lililokuwa la kumwokoa mzee, mimi nililisikia kwa masikio ya Beatha. Namwambia daktari siku hiyo hiyo. Nikaona ruhusa imeshaandikwa. Nikaona gari limesimama mbele ya nyumba yangu ya vyumba viwili, mzee anashushwa na mguu wake haujashika, watoto wangu wanatazama.

Violet akaanza. Mgonjwa anapata maji ya kutosha? Ndiyo. Ameelezwa atakaa siku ngapi? Ndiyo, anazihesabu. Ameanguka akiwa wodini? Hapana. Anachanganyikiwa, anasahau alipo? Hapana. Dawa ya maumivu anapewa akiomba? Haombi. Akaandika.

"Mgongo na makalio yamekaguliwa tangu juzi?"

Nilimtazama Mzee Isack. Alikuwa amefumba macho lakini hakulala. Mtu aliyelala hakazi taya namna ile.

"Yamekaguliwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi."

"Kuna wekundu wowote, au kidonda?"

"Hakuna. Mgongo wake ni safi."

Akaniangalia kidogo. Nadhani alitaka kuuliza tena, lakini alikuwa na vitanda vingine ishirini. Akamuuliza na mzee mwenyewe. "Babu, huduma unaionaje?"

"Nzuri sana," akajibu, macho yamefumbwa. "Nina mkwe mzuri."

Violet akaenda kwa Rodney. Rodney akamwaga yote. "Andika hivi: baba yangu ana doa jekundu hapa chini, ukubwa wa kifuniko cha soda. Nimemwambia nesi jana, hajaja. Andika na maji ya bomba yamekatika siku mbili. Andika na mimi nimechoka, kama kuna sehemu ya hilo."

Violet akacheka, akaandika. Nikasema moyoni, maskini Rodney, kesho anamchukua baba yake.

Kesho yake alikuja daktari kijana na Sista Gladness, wakavuta pazia la Mzee Primus. Nikangoja kusikia neno ruhusa. Wakaleta godoro la upepo, lile la kujazwa kwa mashine, linapanda na kushuka lenyewe. Wakamlaza juu yake, wakampaka dawa, wakaandika ratiba ya kumgeuza na kuibandika ukutani. Mzee Primus akauliza kama mashine hiyo inaweza pia kukoroma badala yake.

Nilimuuliza Sista Gladness, kama mtu anayeuliza tu, "Na mzee wetu hapati godoro kama hilo?"

"Yapo manne tu, mama. Tunatoa kwa walioanza vidonda. Wewe si ulisema mgongo wake safi? Mungu akubariki, endelea hivyo hivyo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nimejirudia mara nyingi na kila mara nakuta ni hapo. Nilikuwa nimesimama na chupa mkononi, yeye amesimama, hana haraka siku hiyo. Kumwambia sijui mgongo wake ukoje kulihitaji maneno manne. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo mbele ya msichana wa tableti, na mzee alikuwa ananisikia, na kumwambia nesi ni kusema mbele yake kwamba afunuliwe. Nikasema, "Ahsante sista."

Jumapili Fabian akaja. Alikaa saa nzima, wakaongea habari za ng'ombe na mvua na nani anapogolea kahawa. Akaniuliza, "Mzee anatunzwa vizuri?" Nikamjibu, "Vizuri." Alikuwa na macho mekundu ya vumbi la miwa, sikutaka kumwongezea.

Wiki ya tatu Mzee Isack aliacha kuuliza zimebaki ngapi. Uji alikunywa vijiko viwili. Aliniita kwa jina la mama mkwe, kisha akajisahihisha, akaomba radhi. Nikasema moyoni, ni uzee. Nikanunua dawa ya malaria, nikidhani pengine ndiyo. Kulikuwa na harufu, nikasema ni chombo cha mkojo cha kitanda kile kingine. Nikabadilisha mashuka ya juu. Ya chini sikuyagusa.

Rodney ndiye aliyesema. Alinifuata kwenye korido na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele.

"Mama Joyness, usinichukie. Mimi nafuga mbuzi, kidonda nakijua kwa pua. Mzee wenu ana kidonda kibaya."

"Hana!" Nilimfokea mbele za watu. "Wewe angalia wa kwako!"

"Sawa mama," akasema. Akaenda moja kwa moja kwa Sista Gladness. Namshukuru hadi leo. Angesikiliza hasira yangu angekaa kimya kama mimi.

Sista alivuta pazia. Mimi niligeukia ukuta, mazoea yangu. Nikasikia shuka linabanduka. Mtu anayejua sauti ya shuka likibanduka kwenye mwili wa mtu hahitaji kuelezwa, na asiyejua namwombea asije akajua. Mzee hakulia. Alisema tu, "Mama ametoka?" Sista akamwambia, "Ametoka babu." Nilikuwa nimesimama pale pale.

Kisha Sista akaniita kwa ukali, nigeuke. Sikugeuka. Akanishika bega akanigeuza yeye. Nikaona mgongo wa baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Sitaueleza. Ngumi yangu ingeingia kwenye kidonda.

"Tangu lini?" Sista akauliza.

"Sijui."

"Hujui vipi? Wewe si ndiye unayemkagua?"

"Sijawahi kumkagua. Ni baba mkwe wangu."

Akakaa kitandani. Nilidhani atanigombeza. Alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama, ungeniambia tu hivyo. Ningemfanya mimi. Siku ya kwanza ungeniambia, ningemfanya mimi mwenyewe kila siku." Kisha akasema tena, kama anajiambia yeye, "Na mimi ningefunua tu. Niliamini karatasi ya maswali."

Godoro likaletwa. Dawa za sindano zikaanza. Daktari akasema uchafu wa kidonda umeingia kwenye damu, na kwa umri ule na moyo ule tumwombee. Fabian aliitwa kutoka kwenye miwa, akaja na nguo za kazi.

Violet naye alipita siku hiyo, maana ilikuwa siku yake. Alisimama mbele yangu hakuvuta kiti.

"Wiki mbili zilizopita uliniambia hana, mama."

"Nilikuambia."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Maneno ya Beatha, ruhusa, yule mzee wa Majengo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yule mzee wa Majengo watoto wake waliomba wenyewe kumchukua," akasema. "Alikuwa na saratani, alitaka kulala kwake. Sisi hatujawahi kumtoa mtu kwa sababu ya kidonda. Tunauliza ili tujue godoro liende kwa nani."

"Lile jibu langu unaweza kulifuta?"

"Halifutwi. Naandika la leo."

Pale mlangoni mwa wodi palikuwa na karatasi wanayoibadilisha kila baada ya wiki mbili. Sikuwahi kuisoma. Siku hiyo nilisoma. Wazee walioulizwa, ishirini na moja. Waliopata maji ya kutosha, kumi na tano. Wenye vidonda vya kulala, wawili. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: hongereni, tumeshuka. Kwa kweli walikuwa watatu. Wa tatu nilimficha mimi.

Mzee Isack alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi na saba za uzito wake. Nilikuwa nimeshika kikombe. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa "baridi," nikamfunika.

Tulimpeleka Machame, akazikwa kihambani karibu na mama mkwe, majani ya masale yakapandwa kaburini. Mchungaji aliposoma habari za ugonjwa wake, alisoma kama alivyopewa na ukoo, kwamba marehemu aliuguzwa kwa upendo mkubwa na mkamwana wake, ambaye hakukosa hata siku moja. Kina mama wa usharika wakanigeukia, wengine wakanishika mkono. Ni kweli sikukosa hata siku moja. Niliinamisha kichwa wakadhani nalia kwa unyenyekevu.

Siku mbili baadaye nilimkuta Fabian akimkatia ng'ombe majani, mahali pale pale baba yake alipoanguka. Nikamwambia yote. Hakusimamisha panga hadi nilipomaliza.

"Nilikuja Jumapili tatu," akasema. "Mimi ni mwanawe. Kwa nini hukuniambia nimwangalie?"

"Ningekuambiaje, Fabian? Nikuambie kamfunue baba yako?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Akafunga mzigo wa majani. "Na mimi sikuuliza," akasema, akaubeba kwenda zizini. Hatujalizungumza tena. Chakula anakula, watoto anawasalimia. Lakini mtori sijapika tangu siku hiyo, na hajaniuliza kwa nini.

Nimeishia darasa la saba, sijui kuandika kwa kupamba. Nimeandika kwa sababu binti yangu Joyness yuko kidato cha tatu, kesho na keshokutwa ataolewa, atakuwa na baba mkwe. Na kwa sababu wodi ile imejaa wakamwana waliogeukia ukuta. Haya ndiyo ya kuepuka.

Usikubali kuuguza baba mkwe au mama mkwe peke yako kama kuna sehemu ya mwili wake usiyoweza kuitazama. Sema mapema, atafutwe mwingine.

Usimwambie nesi "ndiyo" kwa kazi ambayo hutaifanya. Mwambie, "Hii siiwezi, ni mkwe wangu." Hatakucheka.

Usimjibie mgonjwa maswali ya hospitali kwa kubahatisha. Kama hujui, sema sijui.

Usiseme huduma ni nzuri kwa kuogopa. Wakiuliza, wanataka kujua palipo pabaya.

Usichukue maneno ya mtaani kuhusu wodi bila kumuuliza mtu wa wodi.

Usimwamini mzee anayesema "nzuri" huku hali chakula. Wazee wetu hawalalamiki mbele ya wageni.

Usimwambie mumeo "vizuri" ili apumzike. Mpe kazi ya baba yake aifanye hata kwa siku moja.

Usibadilishe shuka la juu ukaliacha la chini.

Usimfokee mtu anayekuambia kuna harufu.

Usiondoke wodini bila kuuliza, kwa sauti, nani amemwona mgongo leo.